Joto la Nyoka wa Kaka

Kaka yangu alirudi Korogwe msimu wa baridi, amekaa kiti cha mbele cha gari la mizigo, fimbo katikati ya magoti, na nyuma yake masanduku ya mbao yaliyofunikwa kwa mablanketi. Nilidhani ni vyombo vyake vya ndani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani moja ya nyoka huko kaskazini, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Alilazwa, akafundishwa upya kutembea, kisha waliomwajiri wakamwambia akapumzike. Nilijua anakuja kupumzika kwangu. Sikujua kwamba haji peke yake.

"Shusheni taratibu," aliwaambia vijana wa kupakua. "Wamelala."

"Nani wamelala?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa ile aibu yake ya utotoni, ile ya mtu aliyeficha kitu mfukoni na mfuko unaonekana. "Hawana sumu, mdogo wangu. Hata mmoja. Na kibali ninacho."

Vijana waliposikia neno sumu waliliweka sanduku chini kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa wapakuzi, wakarudi nyuma mpaka ukutani.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi katika nyumba aliyotuachia baba, si mbali na reli, vyumba vitatu na kibaraza ambapo ndipo ninaposhonea. Babu yetu mzaa baba alikuja huku kukata mkonge, akitokea mbali, akamwoa msichana wa hapa. Baba naye akazaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, akaoa Mzigua wa Kwamsisi, na sisi tukakulia humo humo kambini, nusu yetu tukienda kanisani na nusu msikitini, wote tukila futari na wote tukila Krismasi. Kwenye kambi ile nyoka alikuwa kitu kinacholetwa kikiwa kimekufa. Wanaume walirudi kutoka kwenye mistari ya mkonge wakiwa wamemning'iniza kwenye mti, watoto tukapiga kelele, halafu akatupwa jaani na kila mtu akaenda kuoga. Kaka hakwenda kuoga. Alichuchumaa pale jaani akimpapasa yule nyoka kwa kidole kimoja, kutoka kichwani mpaka mkiani, akifuata magamba yanakoelekea. Mama alimchapa kwa ajili hiyo mara nyingi, na haikusaidia.

Jioni ile ya kurudi kwake alinionyesha alichokileta. Walikuwemo nyoka wa kahawia, wembamba, wenye macho ya rangi ya chai, wale wanaoingia kwenye nyumba za watu kufuata panya. Alikuwemo chatu mmoja mchanga. Na walikuwemo nyoka wawili wa mchangani, dume na jike, wafupi, wanene, mkia butu kama kidole gumba, mgongo wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi kama kahawa iliyomwagika. Jike alikuwa na mimba. Nyoka wa aina hiyo hawatagi, aliniambia, huzaa watoto wakiwa hai, na wakati wa mimba hutafuta joto kuliko wakati mwingine wowote.

"Mguse," akasema.

"Kesho," nikasema. Kesho hiyo ilichukua wiki kadhaa kufika.

Watu wa nje wanaijua Korogwe kwa joto, na ni kweli, kuna miezi ambayo hata kivuli kinachemka. Lakini kuna wakati, mvua kubwa zikishapita, ukungu hushuka kutoka milimani na kulala juu ya mto, na asubuhi mji mzima unaonekana kama umechorwa kwa penseli na mtu ambaye hakuibonyeza vizuri. Waendesha bodaboda huvaa makoti. Sakafu ya saruji hunyonya joto la nyayo. Katika baridi ile nyoka wa kaka waliacha kula. Waliviringika kwenye masanduku yao wakawa kama kamba zilizosahauliwa. Yule chatu alianza kutoa povu mdomoni, na akipumua ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayepuliza filimbi chumba cha tatu.

"Ni kifua," kaka akasema. "Akiendelea hivi atakufa. Hawana joto lao wenyewe, unajua. Mimi na wewe tuna jiko ndani. Wao wanaazima."

Basi tukaanza kutafuta nyumba ya kuwaazimisha joto.

Nilidhani ni jambo la siku moja. Mwalimu mmoja jirani alikuwa na tangi la vioo la samaki, samaki walikwisha kufa zamani, akatupa bure. Lilikuwa zuri. Niliwaza nitaliweka barazani, nyoka wakionekana, hata wateja wangu wangezoea. Kaka alilizunguka kwa fimbo yake, akatikisa kichwa. Kioo kinapoteza joto haraka, alisema, na mwanga unaingia pande zote. Seremala mmoja wa mtaani naye akaleta wazo la banda la mbao lenye wavu mbele, kama la sungura, lakini refu na lenye nafasi. Hilo nalo kaka alilikataa.

"Wewe ukiona nafasi unaona raha," akaniambia. "Nyoka hapendi ukumbi. Akiwekwa ukumbini anakaa kona moja anaogopa mpaka anaacha kula. Anapenda chumba ambacho kuta zinamgusa."

Alichotaka ni shelfu la droo. Akanichorea kwa mkono wa kushoto, mistari ikiyumba: shelfu refu la mbao, na ndani yake maboksi ya plastiki yanayoteleza kama droo za kabati la nguo. Maboksi hayana vifuniko. Kifuniko cha boksi ni ubao wa shelfu ulio juu yake. Kwa hiyo ule mwanya kati ya ukingo wa boksi na ubao ndio kila kitu: ukiwa mkubwa nyoka anatoka, ukikosekana kabisa boksi halitelezi.

Usiku huo niliota nimelala ndani ya droo. Haikuwa ndoto mbaya. Palikuwa na giza la rangi ya kahawia, na ukuta ulinigusa begani, mgongoni na nyayoni, na mtu fulani kwa mbali alikuwa akipiga pasi, nikasikia joto lake likija polepole kwenye ubao. Nilipoamka nilikuwa nimeshaelewa kwa nini kaka anakataa tangi la kioo, ingawa nisingeweza kumweleza mtu.

Tulinunua maboksi sokoni kwanza, ya ukubwa mmoja, ndipo tukampelekea seremala. Kaka alisisitiza hivyo: mbao zifuate boksi, boksi lisifuate mbao. Nilipima mwenyewe kwa tepu yangu ya kushonea, urefu, upana, na kimo cha ukingo, na seremala akacheka kidogo kuona shelfu likipimwa kama gauni. Kuhusu mwanya kaka alimpa kadi ya mwaliko wa harusi iliyokuwa imebaki mezani kwangu. "Hii ipite," akasema, "na kitu kinene kuliko hii kisipite." Seremala alitumia kadi ile mpaka ikachakaa. Tulitoboa matundu ya hewa kwenye maboksi kwa msumari uliotiwa moto, na kaka akakataza shelfu lisipakwe vanishi, maana harufu yake ni sumu kwao. Likaja nyumbani likiwa mbao tupu, likinukia msitu. Tukalisimamisha chumba cha nyuma, ukuta usiopigwa na jua.

Kuhusu joto, tulianza kwa makosa. Tulifunga balbu nyuma ya shelfu. Chumba kikawa na mwanga mchana na usiku, nyoka wakajificha kwa hofu chini ya maranda ya mbao tuliyowatandikia, na mbao za karibu na balbu zikaanza kupauka. Ndipo nikamkumbuka fundi mmoja aliye nyuma ya stendi, anayetengeneza mashine za kutotolea vifaranga. Duka lake lilikuwa na joto la mashine zile na milio midogo isiyokoma. Nilimweleza shida yangu bila kutaja nyoka, nikisema "wanyama wadogo."

"Vifaranga?"

"Hapana."

"Kware?"

"Nyoka," nikasema.

Akazima redio. Akafikiri. "Wanataka joto juu au chini?"

Nilimpenda kwa swali lile. Alikuja na waya wa joto, ule mwembamba bapa unaowekwa kwenye mashine zake, na themostati yenye kidude cha kuhisi joto kwenye ncha ya waya mrefu. Akautandaza waya sehemu ya nyuma tu ya kila ubao, kama kaka alivyotaka, ili ndani ya boksi moja pawe na hali mbili: nyuma kiangazi, mbele kipupwe. Nyoka achague mwenyewe. Kile kidude cha kuhisi alikibandika kwa gundi ya karatasi juu ya waya wa ubao wa kati, akatuonyesha jinsi themostati inavyozima waya ukifika joto tulilolitaka, na kuuwasha ukipoa.

"Joto gani?" nilimuuliza kaka.

"La ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, ukiugusa jioni."

Fundi akageuza kitufe mpaka tukakubaliana kwamba ndilo hilo.

Siku zilizofuata nazikumbuka kama kipindi kimoja kirefu cha alasiri. Yule chatu aliacha kupiga filimbi. Nyoka wembamba wakaanza kula, kisha mmoja baada ya mwingine wakavua ngozi, na kaka akanipa zile ngozi, nyepesi kuliko hariri yoyote niliyowahi kuikata, zenye alama ya kila gamba, hata la juu ya jicho. Nilihamishia cherehani yangu chumba kile. Niliwaambia wateja ni kwa sababu ya baridi ya barazani, na kweli palikuwa na joto pale, joto lililotulia, lisilo na moshi wala mwanga, linalotoka kwenye mbao kama pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzito. Nikishona, nilisikia wakisogea ndani ya maranda, sauti kama kitambaa kikikunjwa. Nilipoacha kushona, waliendelea kusogea. Wakati mwingine treni ya mizigo ilipita, nyumba nzima ikatetemeka kidogo, na wote kwa pamoja wakanyamaza, mimi pia. Kwenye chumba kile ndipo hatimaye nilimgusa yule jike wa mchangani. Alikuwa mkavu, mlaini, mwenye joto upande mmoja na ubaridi upande wa pili, kama mkate uliotolewa jikoni ukawekwa dirishani.

Mama mdogo alikuja kutoka Kwamsisi kutuona, na kikapu cha machungwa. Nilimwamkia, kaka akamwamkia, akaitikia akiwa bado mlangoni, macho kwenye shelfu.

"Humo ndimo walimo?"

"Humo, mama mdogo," kaka akasema. "Karibu ndani, hawatoki."

"Nawasalimu kutoka hapa hapa," akasema. Akaketi kizingitini, akamenya machungwa, na akazungumza nasi kutwa nzima kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kumwona mzazi aliyejifungua.

Kila asubuhi kaka alikagua joto. Hiyo ilikuwa kazi yake. Alitembea kwa fimbo mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono uliobaki huru ulikuwa ule wa kulia, uliopooza kisha ukarudi nusu. Vidole vilikunjuka polepole. Alivuta boksi, akauingiza mkono nyuma, akaubandika kwenye ubao, akafumba macho kidogo. "Sawa," alisema, akaenda boksi la pili. Hospitalini walimwambia autumie mkono ule kwa kila kitu ili urudi, naye alituambia umerudi: nguvu bado, lakini hisia zimerudi. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Kipimajoto kidogo tulichokuwa nacho kilikaa sehemu ya mbele ya boksi, penye ubaridi, na kilisoma kilekile siku zote.

Umeme ulikatika alasiri moja ya manyunyu. Hilo tulikuwa tumejiandaa nalo. Nilichemsha maji, nikajaza chupa za plastiki, nikazifunga kwa vipande vya khanga, tukavuta maboksi yote na kuziweka nyuma yake. Umeme uliporudi jioni nikaziondoa, nikarudisha kila kitu. Ambacho sikukiona ni kwamba katika kuvuta na kurudisha, kile kidude cha kuhisi joto kilibanduka. Kilining'inia nyuma ya shelfu, hewani, kwenye ubaridi. Kikahisi baridi, na themostati kwa utii wake ikaendelea kuwasha waya bila kuuzima.

Asubuhi iliyofuata kaka alikagua. "Sawa," akasema. Asubuhi ya baada yake pia.

Niligundua kwa pua. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikasikia ile harufu ambayo fundi cherehani yeyote huinuka nayo hata usingizini, harufu ya nguo inayokaribia kuungua chini ya pasi. Niliitazama pasi, ilikuwa imezimwa. Nikavuta boksi la kwanza: nyoka alikuwa amejibana mbele kabisa, kichwa kwenye tundu la hewa. La pili hivyo hivyo. Wote walikuwa wamekimbilia mbele. Nikagusa ubao wa nyuma nikauondoa mkono haraka. Nilipofika kwa yule jike wa mchangani sikumwona. Nilifukua maranda. Alikuwa nyuma, chini kabisa, amejilaza juu ya moto kwa ajili ya watoto wake. Tumbo lilikuwa limekuwa jekundu, na magamba ya katikati yalikuwa yameinuka kwa malengelenge.

Nilichomoa umeme. Kaka alikuwa uani. Nilimwita, akaja na fimbo yake, akaona, na uso wake ukafa.

"Umekagua leo?" nikamuuliza.

"Nimekagua."

"Hapa? Uliweka mkono hapa?"

"Niliweka."

"Ukasikia nini?"

Niliushika mkono wake wa kulia nikaugeuza. Kwenye kiganja, chini ya vidole, palikuwa na lengelenge kama la nyoka wake, limeshapasuka na kukauka. Hapo vitu vikaanza kunijia kimoja kimoja: sufuria ya uji aliyoiepua mekoni bila kitambaa, nikamsifia ugumu, chai iliyomwagikia vidole vyake siku ya mama mdogo, naye akaendelea kuzungumza.

"Sisikii kitu," akasema. "Wala moto wala baridi. Tangu hospitali."

"Na hiyo 'sawa' ya kila siku?"

"Nilikuwa nakisia." Aliketi kwenye kiti changu cha cherehani bila kuangalia anakaa wapi. "Nilijua jinsi joto linavyotakiwa kuwa, basi nilikuwa nalikumbuka. Naweka mkono nalikumbuka. Wakati mwingine nadhani kweli nalisikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nikae."

Ni kweli, ningemwambia akae. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilitoka nikaenda barazani, nikachukua nguo ya mteja nikaanza kuishona kwa mkono, na nilipoitazama baadaye niliona nimeshona mkono wa kulia mahali pa kushoto. Nikaufumua. Nyuma yangu, kupitia dirishani, nilimsikia akizungumza na yule nyoka kwa sauti ndogo. Hakuwa akimwomba msamaha. Alikuwa akimweleza, kwa mpangilio, kitu gani kitafanyika: kwamba maranda yataondolewa yasishike kwenye kidonda, kwamba atalazwa kwenye kitambaa safi, kwamba ataoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Nikajua ananieleza mimi. Nikaenda kuchukua kitambaa.

Nilichana shuka la pamba laini, nikapinda pindo ili nyuzi zisimzonge, nikatengeneza matandiko madogo ya kubadilisha kila siku. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake, mama mfupi mwenye buti za mpira. Alivaa glovu, akamtazama nyoka kwa muda.

"Sijawahi kutibu nyoka," akasema. "Ng'ombe, mbuzi, mbwa. Lakini kuungua ni kuungua. Mshikeni."

Kaka alinyoosha mikono, kisha akaishusha. "Mdogo wangu atamshika," akasema.

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na hakupigana. Alijizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu akabana kidogo, kama mtoto anayeshika kidole cha mtu bila kuamka. Daktari alisafisha, akapaka dawa, akatuachia kopo. Kabla hajaondoka aliomba kukiona kiganja cha kaka, akakisafisha pia, na kukipaka kutoka kopo lile lile.

Yule fundi wa vifaranga alirudi akakifunga kidude cha kuhisi kwa vibano vya waya, si gundi tena, na akaongeza kifaa cha pili kinachokata umeme joto likizidi, hata kama cha kwanza kimedanganyika. Nami niliweka kipimajoto nyuma, penye joto. Kuhusu kaka, nilimtafutia kigoda. Akikaa, fimbo haihitajiki, na mkono wa kushoto unakuwa huru. Asubuhi ya kwanza aliuingiza mkono ule nyuma ya boksi, akaushusha kwenye ubao, na nikaona mabega yake yakilegea.

"Hili hapa," akasema polepole. "Nilikuwa nimelisahau, kumbe. Nilikuwa nalikumbuka vibaya."

Jike yule alijifungua kabla kidonda hakijapona. Ilikuwa mchana, nikiwa nimeegemea cherehani nusu usingizini, mvua ikinyesha kwa mbali upande wa milimani. Nilivuta boksi kubadilisha kitambaa nikawakuta. Wengi walikuwa wamezaliwa wakiwa wamekufa, wadogo, wamenyooka, wamefungwa kwenye utando wao kama njugu ndani ya ganda. Lakini pembeni, kwenye pindo nililolishona, walikuwepo wachache walio hai, kila mmoja na mabaka yake madogo ya kahawa, wakijaribu kujifukia kwenye shuka lisilofukika. Nilimwita kaka. Alikaa kwenye kigoda chake tukawatazama mpaka mvua ikafika kwetu na kupita. Waliokufa tuliwazika uani, penye mipapai. Alinisaidia kuchimba kwa mkono wa kushoto.

Mama yao alipona. Alivua ngozi mara kadhaa, na kila alipoivua kovu lilipungua, ingawa magamba ya tumboni yalikuja yamepinda, kama mshono uliovutwa sana. Kaka alisema hilo halimzuii chochote.

Siku hizi tunaitwa mashuleni. Kaka anataka watoto wajue nyoka gani wa kumkimbia na nyoka gani wa kumwacha apite, na tunakwenda kwa bajaji, yeye na fimbo, mimi na boksi miguuni, limefungwa ndani ya blanketi lenye chupa ya maji ya moto. Yeye huzungumza, mimi hushika. Kule Kwaluguru, mara ya mwisho tulipokwenda, jua lilikuwa kali baada ya mvua, mahindi yamekauka mashambani yakisubiri kuvunwa, na baada ya somo kaka alisinzia kwenye bajaji chini ya kivuli cha darasa, kinywa wazi kidogo. Mzee mmoja mkulima aliyekuwa akisikiliza dirishani alinifuata taratibu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina mmoja ghalani. Wa kahawia, mwembamba. Namwona juu ya magunia. Mwenzako nimemwona kalala, sitaki kumwamsha. Unaweza kuja?"

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele akisukuma baiskeli. Ghala lilikuwa dogo, la miti na udongo, na ndani palikuwa na ule ukungu wa vumbi la nafaka unaoelea kwenye mstari mmoja wa mwanga. Alinionyesha kwa kidevu. Nyoka alikuwa amelala juu ya gunia la pembeni, pale mwanga unapopiga, amejikunja mara nne, macho ya rangi ya chai. Niliuweka mkono juu ya gunia, karibu naye, nikahisi joto la jua likiwa limejaa kwenye mahindi. Hakusogea.

"Ana sumu?" mzee akauliza.

"Hana. Anakula panya wako."

Akamtazama kwa namna nyingine. "Basi nimwache?"

"Mwache," nikasema. "Na usilisogeze hilo gunia, kama hulihitaji leo."

Akaitikia kwa kichwa. Tukatoka, akaurudishia mlango polepole bila kuubamiza, akafunga kamba, na tukarudi kwa njia ile ile kati ya mahindi, bila haraka, tukizungumza habari za mvua.